Taa ya Njano Ilikuwa Inawaka

Mkuu wa idara alipomwita mwongo, hakulitumia neno lenyewe. Watu wa aina yake hawalitumii. Alisema majibu "yanatutia wasiwasi", akasema "kwa masikitiko makubwa", akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai. Watu wote kwenye chumba cha mikutano wakageuza shingo kumtazama mwanamke aliyekaa karibu na mlango, kikombe chake cha chai kikiwa kimeishia njiani kati ya meza na mdomo.

Mwanamke huyo ni mtafiti wa bakteria, na chuo kizima kinamwita Mama Giza. Kikombe kile alikirudisha mezani polepole sana, maana alijijua. Angekishika kidogo zaidi kingeruka.

"Jaribio lako limerudiwa katika maabara ya jengo jipya," Mkuu aliendelea. "Limerudiwa kwa kufuata maelekezo yako mwenyewe, hatua kwa hatua. Bakteria ambao unasema wanakufa, hawafi."

"Nani karudia?"

Mkono ulipanda upande wa dirishani. Alikuwa Daktari Mpya, kijana aliyeajiriwa juzijuzi, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na uso wake ulionyesha kwamba angefurahi kuwa popote pale isipokuwa hapo.

"Ulitumia taa ya njano?" Mama Giza alimwuliza.

"Ndiyo, Dokta. Taa ya njano ilikuwa inawaka. Tangu mwanzo hadi mwisho."

"Basi," Mkuu akasema, na kuvaa miwani yake. "Wakati suala hili linachunguzwa, mwenzetu atakabidhi ufunguo wa chumba chake. Ajenda inayofuata."

Mwenzetu! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Mtu anakuvua nguo mbele ya walimu, mafundi wa maabara na karani anayeandika kila neno, halafu anakuita mwenzetu, kana kwamba mmevuliwa wote. Mama Giza alisimama. Aliufungua mkoba, akauchomoa ufunguo kwenye shada lake, akaupiga mezani mbele ya Mkuu kwa kishindo kilichomwamsha mwalimu mmoja aliyekuwa anasinzia, akatoka.

Ieleweke kwanza mama huyu anashughulika na nini, la sivyo hasira zake zitaonekana za bure.

Bakteria ni kiumbe wa chembe moja tu, na habari zake zote zimeandikwa kwenye DNA, nyuzi mbili zilizosokotana, kila uzi una herufi zinazooana na za mwenzake. Kabla ya kujigawa kuwa wawili, huzinakili zote. Mtambo wake wa kunakili una haraka ya ajabu. Sasa mwanga ule usioonekana wa jua, unaoitwa urujuanimno, ukimpata, herufi mbili jirani hugandana kama peremende zilizoyeyukia mfukoni. Mtambo ukifika hapo hausomi kitu. Nao hausubiri. Unaruka, unaendelea na safari yake, na nyuma unaacha pengo. Uzi mpya una tundu, na ng'ambo ya tundu kuna zile herufi zilizogandana, kwa hiyo hata ukitaka kuliziba hapo hapo huna pa kunakilia.

Mapengo hayo yasipozibwa, bakteria anakufa. Lakini hafi kirahisi, maana kunakili kumetoa nakala mbili, na ile ya pili, dada wa hii, ina maneno yale yale mahali pale pale, tena mazima. Zinakuja protini za uokoaji, zinaupanga uzi uliobaki wazi, zinautafutia dada yake, na dada anatoa kipande chake kije kuziba. Wala dada mwenyewe haachwi na shimo. Palipotoka kipande panajazwa upya mara moja, kwa sababu upande wake wa pili ni mzima na unasomeka. Mama Giza alipolifahamu hilo kwa mara ya kwanza, akiwa msichana wa chuo, alikaa na kitabu kifuani kama mtu aliyeletewa barua ya posa. Hajapona mpaka leo.

Alichokigundua yeye ni protini moja inayotangulia kufika kwenye ukingo wa pengo kabla ya nyingine zote. Aliipa jina la Mbisha Hodi. Bila huyo, waokoaji hawajui waingilie wapi, wanazurura nje, pengo linabaki wazi na bakteria anakata roho. Alikuwa na bakteria wasio na Mbisha Hodi, aliowatoa kwenye mtaro wa kiwanda cha ngozi na kuwalea kwa shida mno. Akawapiga mwanga wakafa, akarudia wakafa, akawapa wanafunzi wake warudie, wakafa.

Na giza linaingia wapi? Linaingia hapa. Bakteria ana ujanja mwingine wa kujitibu, tena wa haraka kuliko huo. Ana kimeng'enya kinachotumia mwanga wa kawaida, wa mchana au wa taa nyeupe, kuzibandua zile herufi zilizogandana hata kabla mtambo wa kunakili haujafika. Herufi zikibanduka, mtambo hauruki. Usiporuka, hakuna pengo, na kama hakuna pengo, Mbisha Hodi awepo asiwepo ni mamoja. Kwa hiyo anayetaka kuchunguza mapengo hana budi kufanya kazi gizani, kwa taa hafifu ya njano ambayo kimeng'enya kile hakina shughuli nayo. Chumba cha Mama Giza kilikuwa zamani stoo ya viti vibovu, mwisho wa ukumbi wa jengo la zamani, hakina hata dirisha moja. Mlangoni kulikuwa na mapazia meusi mawili, na wanafunzi wapya waliingia wakipapasa ukuta na kuomba radhi kwa stuli.

Na pazia la kwanza lilitundikwa na nani? Na Mkuu huyo huyo! Enzi hizo alikuwa bado si mkuu wa kitu chochote. Walikuwa vijana wawili wasaidizi wa maabara, yeye juu ya meza ameshika nyundo, Mama Giza chini ameshika misumari, wakicheka mpaka jirani akaja kugonga. Giza lile alilijua kama alivyojua jina lake. Angeweza kuuliza swali moja tu la ziada pale mkutanini. Lakini jengo jipya, la vioo kuanzia chini hadi juu, ndilo lililokuwa jeuri yake. Alilipigania, alilizindua, alipiga nalo picha. Kati ya jengo na mtu, alichagua jengo, na hilo ndilo lisilosameheka kirahisi.

Mama Giza alifika nyumbani ana mwili mzito. Anaishi ghorofa ya chini ya jengo lenye ua wa pamoja, yeye, mumewe ambaye ni mwalimu wa udereva, na mama yake mzazi. Alidhani ana muda wa kupanga maneno. Hakuwa nao. Jirani wa ghorofa ya juu ana mpwa wake ambaye ndiye yule karani mwenye kuandika kila neno, na habari ilikuwa imeshapanda ngazi na kushuka.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtandio begani, miguu mitupu. Ilikuwa siku ya kikundi chake cha akina mama, siku ambayo hakosi hata akiumwa jino.

"Shikamoo mama. Mbona hujaenda?"

"Marahaba. Mwanangu, umeiba nini huko kazini?"

"Sijaiba kitu, mama."

"Nimeambiwa umeghushi. Nikauliza kughushi nini, nikaambiwa vidudu. Mtu anaghushi vidudu vipi? Lakini nimeona wanavyonitazama. Nimefika mlangoni kwa wenzangu wa kikundi, wote kimya, nikageuza."

"Wanasema uongo."

"Sikukuuliza wao wanasema nini. Umeghushi?"

"Mama!"

"Nakuuliza mimi. Sijamtuma mtu."

"Sijaghushi."

Mama alimkazia macho. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa bweni la shule ya wasichana, na binti yake alikulia humo humo, katika chumba kidogo mwisho wa bweni, akivaa sare zilizoachwa na wanaomaliza. Humo ndani mtu aliweza kuvunja sahani, kuchoma shuka kwa pasi, kuchelewa chakula, na yote yakaisha. Uongo haukuisha. Msichana aliyedanganya alisimamishwa mbele ya wenzake akaulizwa upya mpaka aseme kweli, na mtoto wa msimamizi hakupunguziwa chochote. Ndiyo maana Mama Giza, mwanamke mzima mwenye mvi, alijikuta amesimama wima mikono ubavuni.

"Nimekuamini," mama alisema mwishowe. "Lakini mimi ni mmoja."

Akavua mtandio, akaukunja, akajilaza akiangalia ukuta. Mama Giza aliingia jikoni akafungua bomba ili maji yafunike kilio chake. Mumewe aliporudi akamkuta hapo, alisikiliza habari yote, akasema labda wasubiri kidogo mambo yapoe.

"Wewe kazi yako kufunga breki," alimjibu. "Leo nenda kafungie pengine."

Kesho yake aliivaa suti yake ya kuhojiwa, akaenda moja kwa moja hadi jengo jipya kumtafuta Daktari Mpya. Mlinzi wa mapokezi alitaka kumzuia, akamtazama usoni, akabadili mawazo. Alimkuta kijana ofisini. Kijana alipomwona aliinuka haraka hadi kiti kikaanguka.

"Shikamoo Dokta. Mimi sikusema umeghushi. Naapa. Mimi nilipeleka majibu tu."

"Marahaba. Sikuja kupigana, ingawa nimejiandaa. Nionyeshe ulipofanyia."

"Mkuu alisema tusiwasiliane mpaka..."

"Mkuu kasema. Mimi nami nasema. Utatembea mbele au nitangulie?"

Akatembea mbele. Alisukuma mlango wa maabara, na walipokanyaga ndani tu, dari yote ikawaka. Hapakuwa na swichi. Taa zilikuwa za kisasa, zinazohisi mtu akiingia zikawaka zenyewe na akitoka zikazimika, safu kwa safu, nyeupe pee, ungeweza kuokota sindano sakafuni. Ukuta mzima wa upande wa mashariki ulikuwa kioo, na jua la asubuhi lilikuwa limejimwaga juu ya meza. Mama Giza alisimama, akayafinya macho kama mtu aliyetolewa shimoni.

"Hapa ndipo ulipofanyia?"

"Hapa hapa. Kwenye meza hii."

"Taa hizi zilikuwa zinawaka?"

"Hizi haziwezi kuzimwa, Dokta. Ukisogeza hata mkono zinawaka."

"Na taa ya njano?"

Kijana alifurahi, maana hapo alikuwa na uhakika. Alifungua kabati, akatoa taa ndogo ya mezani yenye balbu ya njano, akaichomeka, akaiwasha. "Hii hapa. Niliinunua mwenyewe dukani. Iliwaka muda wote."

Iliwaka kweli. Katika mwanga ule wa kumulika uwanja wa mpira, taa ya njano ilikuwa inawaka kwa bidii zake zote, na hakuna kitu duniani ilichobadilisha. Mama Giza aliitazama taa, akamtazama kijana, akaitazama tena taa. Kilichomtoka kilianza kama kicheko na hakikumalizika kama kicheko.

"Mwanangu," alisema. "Unadhani ile taa ni dawa? Unadhani inatibu?"

"Maelekezo yanasema: washa taa ya njano."

"Maelekezo yanasema... Sasa nyeupe je? Uliona mapazia yangu meusi mawili ukadhani nina msiba?"

"Sijawahi kuingia chumba chako, Dokta. Nilitumiwa maelekezo tu. Na hayasemi zima nyingine."

Alitaka kumpasukia. Kisha akayakumbuka maelekezo yale, neno kwa neno, maana ndiye aliyeyaandika. Kweli hayakusema. Yangesema vipi, wakati chumbani mwake hakukuwa na taa nyingine ya kuzima? Hilo lilimuuma, akalimeza, lakini halikuipoza hasira yake hata kidogo. Sentensi yenye upungufu inaulizwa swali. Aliyeiandika alikuwa mwendo wa dakika chache kutoka hapo, anakunywa chai ile ile ya idara. Badala ya kumwuliza walimwitia mkutano.

Daktari Mpya alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono kichwani. Hakuwa mjinga. Alishajua. "Kimeng'enya cha mwanga," alisema kwa sauti ndogo. "Niliwapiga, halafu nikawatibu mwenyewe. Mapengo hayakuwahi kutokea."

"Hayakuwahi kutokea."

"Nimekupaka matope, Dokta."

"Wewe umekosea. Matope amepaka mwingine. Inuka, tufanye kazi."

Ufunguo wa chumba cha giza aliuomba Daktari Mpya, kwa kuwa yeye hakuwa na zuio. Walifanya jaribio lote humo, bega kwa bega kwenye mwanga wa njano, kijana akishika na Mama Giza akisema tu, asije mtu akadai baadaye kwamba mkono wake uligusa. Bakteria wale wale, sahani zile zile za agari, chakula chao kilichogandishwa kama jeli, wakawapiga urujuanimno. Kisha wakazigawa. Nusu walizifunga kwa kitambaa cheusi wakaziacha gizani. Nusu nyingine kijana alizibeba hadi kwenye jengo lake tukufu, akaziweka juu ya meza chini ya taa zote, kabla ya kuzirudisha kulala kwenye joto pamoja na nyingine.

Asubuhi yake hapakuwa na haja ya hadubini. Sahani zilizoonja mwanga mweupe zilijaa vidoa vya bakteria kuanzia ukingo hadi ukingo. Zile za gizani zilikuwa safi kama zimeoshwa. Daktari Mpya alizipanga kwenye sinia akazipeleka kwa Mkuu yeye mwenyewe, na hapo lazima asifiwe, maana alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Alieleza yote. Alisema, "Kosa ni langu."

Ungetegemea nini baada ya hapo? Mkutano mwingine, watu wale wale, karani yule yule na kalamu yake. Hakikuwepo kitu. Siku hiyo hiyo Mkuu alikutana na Mama Giza kwenye ukumbi, karibu na mlango wa choo, akampiga kijibao cha kirafiki begani.

"Nimeziona sahani. Vizuri sana. Basi yameisha, eh? Chukua ufunguo wako urudi kazini. Wageni wa vyuo jirani wanakuja kuona kazi yako, tusiwaangushe."

"Yameisha wapi?"

"Si tumeshaelewana?"

"Mimi na wewe tupo mlangoni kwa choo. Kule ulikoniita mwongo kulikuwa na meza na chai. Rudi kule kule useme."

Mkuu alitazama huku na huku. "Usilikuze jambo. Ukiliitia mkutano tena, watu wataanza kuuliza kuhusu jengo. Watasema maabara haifai. Unajua nilivyohangaika na jengo lile."

"Kwa hiyo jengo lisafishwe, mimi nibaki na doa."

"Hakuna doa. Nani anakumbuka?"

"Mama yangu anakumbuka!" Sauti yake ilifika hadi mwisho wa ukumbi na mlango mmoja ukafunguliwa kidogo. "Mama yangu hatoki nje. Wewe mwenyewe unafundisha wanafunzi kila mwaka kwamba uzi ukitoa kipande kumwokoa mwenzake, nao hujazwa hapo hapo. Vidudu vya mtaroni vinalijua hilo! Umechukua kipande changu ukazibia jengo lako, halafu unaniambia yameisha? Sirudi."

Na hakurudi. Usidhani ilikuwa rahisi. Mkataba wake ulikuwa wa kuombewa upya kila mara, na mkono wa kuuombea ulikuwa wa Mkuu huyo huyo. Kukaa nyumbani ilikuwa ni kumpa kisu na kumwonyesha shingo. Usiku aliwaota bakteria wake wamekauka kwenye jokofu. Daktari Mpya alikuwa anawahamishia kwenye chakula kipya na kumpigia simu kumpa hali zao, kama mtu anayeangalia watoto wa jirani aliyelazwa. Mumewe, ambaye sasa hakutaja tena kusubiri, alimwambia avute mpaka kamba ikatike.

Kisha ukaja ujumbe kwenye simu kutoka kwa Mkuu. Uongozi wa idara, ulisema, umetafakari kwa kina na umeamua kumsamehe.

Mama Giza aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Kumsamehe! Mtu anakugonga kwa gari, halafu anashusha kioo anakwambia usijali. Alitembea kutoka jikoni hadi sebuleni, akarudi jikoni, akiongea peke yake kwa sauti, na mambo aliyoyasema kuhusu idara, uongozi na kina cha kutafakari kwao hayaandikiki. Hakujibu ujumbe. Ukaja mwingine hakujibu, simu ikaita akaitazama mpaka ikachoka.

Wageni wa vyuo jirani walipokuwa wanakaribia kabisa, na Mkuu, baada ya Daktari Mpya kukataa kushika nafasi ya mwenyewe, alipokwishajaribu watu wengine watatu kufanya jaribio lile na wote wakamharibia, Jumamosi moja mchana gari lake liliegeshwa nje ya ua. Wanawake walikuwa wanaanua nguo. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa kibarazani anakung'uta mkeka, na karani mpwa wake yupo naye ameshika upande wa pili. Mkuu alipita katikati ya shuka zinazoning'inia, mfuko wa machungwa mkononi, akitabasamu kila upande kama mgombea.

Mama Giza alimfungulia mlango hakumkaribisha. "Umekuja kusema?"

"Nimekuja tuyamalize. Mimi na wewe tumetoka mbali."

"Mimi huna cha kuniambia, mimi najua kilichotokea. Mwambie yule."

Akamwonyesha mama, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha lililo wazi, anachambua nyuzi za kushonea. Mkuu akaweka machungwa mezani, akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wa mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kukujulia hali. Pia kukueleza kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo kwa kitaalamu, mambo ya mwanga na mazingira ya maabara, ambayo kwa bahati nzuri..."

"Mimi sikusomea mwanga. Nilikuwa na wasichana bwenini, niliwauliza swali moja. Mwanangu alidanganya?"

Mkuu alikohoa. "Hapana, mama," alisema taratibu.

"Sikusikia."

"Hakudanganya, mama."

"Masikio, baba. Umri. Sema tena."

Mama Giza alimtazama mama yake kwa mshangao. Asubuhi hiyo hiyo mwanamke huyu alikuwa amesikia kutoka chumbani kwake kwamba mfuniko wa sufuria ya jikoni haukukaa sawa, akapiga kelele ufunikwe vizuri.

"Hakudanganya!" Mkuu alisema kwa nguvu zaidi.

"Nani hakudanganya?"

"Binti yako! Binti yako hakudanganya! Majibu yake yalikuwa ya kweli!"

Uani mkeka uliacha kukung'utwa. Shuka moja ilisogezwa pembeni, na nyuma yake pakaonekana uso, na nyuma ya uso huo mwingine. Mama Giza alikuwa ameegemea fremu ya mlango, amekunja mikono. Mama yake alichagua uzi mweusi kutoka kwenye fundo, akaunyoosha.

"Vizuri. Na nani alisema amedanganya?"

Mkuu alitazama dirisha. Alitazama mlango, na mlangoni alikuwepo Mama Giza. Alivua miwani, akatafuta tai ya kuifutia, hakuwa ameivaa.

"Mimi," alisema.

"Kwa sauti, baba. Kama siku ile."

"Ni mimi!" Mkuu alipaza sauti, na sauti ikatoka nje ikafika kibarazani kwa karani na shangazi yake. "Mimi ndiye niliyesema, na haikuwa kweli!"

Mama aliurudisha uzi kwenye fundo, akamwonyesha kiti akae. Mama Giza akaenda kumletea maji ya kunywa.